Mkono wa Hewa wa Mashine ya Santuri: Kuunda, Kusimika na Kurekebisha kwa Hali ya Mombasa

Mashine iliyochonga mifuo ya santuri ilikwenda mstari ulionyooka, kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Mkono wa kawaida haufuati njia hiyo. Umefungwa kwenye egemeo moja, kwa hiyo sindano huchora tao, na katika sehemu kubwa ya santuri huwa imekaa upande kidogo. Mkono wa hewa huifuata njia ya mchongaji. Kigari kinachobeba sindano huelea juu ya reli kwa tabaka la hewa lenye unene wa sehemu chache za mia za milimita, na mfuo wenyewe hukivuta taratibu kuelekea katikati. Hakuna msuguano wa kuhesabika, wala hakuna haja ya ile springi ya kuzuia mkono usivutwe ndani.

Mikono ya namna hii iko ya aina nyingi. ET-2 ya Eminent Technology ya Tallahassee, Florida, ina spindeli inayoteleza ndani ya bomba la hewa. Kuzma Air Line ya Slovenia hutumia hewa ya kompresa yenye presha kubwa. Upande wa pili uko muundo uliotokana na kazi ya Poul Ladegaard wa Denmark: reli yenye mgongo kama paa la nyumba, iliyotobolewa matundu madogo, na kigari kilichokaa juu yake mfano wa tandiko. Huo wa tatu ndio tunaoueleza hapa. Fundi mwenye keekee nzuri anaweza kuuunda, unakula presha ndogo, na presha ndogo ni neema kwa mtu wa pwani. Hatua za kusimika, kusawazisha na kupanga nyaya zinafaa pia kwa aliyenunua mkono wa kiwandani.

Hewa kwanza

Reli na kigari ni kazi ya siku mbili tatu. Hewa inayovilisha ndiyo inayoamua kama mkono utacheza mwaka mzima au utakwama masika ya kwanza.

Hesabu yake ni hii. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 ukiisonga hadi milibar 300 juu ya hewa ya kawaida, unyevu huzidishwa kwa 1.3, yaani 104. Asilimia 104 haipo. Kinachozidi mia hugeuka maji ndani ya mpira, mara tu hewa ile ikipoa na kurudi kwenye joto la chumba. Tone moja likifika kwenye reli hujaza ule upenyo mwembamba na kukigandisha kigari, kama vile vioo viwili vyenye maji vinavyoshikana. Ukiisonga hewa hiyohiyo kwa milibar 60 tu, unapata 80 × 1.06, karibu 85. Inabaki kavu. Kwa presha hiyo maji hayatoki mpaka unyevu wa chumba upite asilimia 94.

Kosa linaloua mikono mingi hapa ni kuiweka pampu uani au kwenye baraza ili kelele zake zisisikike, na mashine ikae ndani kwenye kiyoyozi. Hewa ya nje yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji ikishuka kufika karibu nyuzi 26. Chumba kiko nyuzi 24. Maji yatatoka hata bila kusongwa, na mpira wote ulio ndani utajaa vitone. Kwa hiyo pampu ikae nje ya chumba ukitaka, lakini ivute hewa ya chumba chenye mashine. Itie ndani ya sanduku la mbao, toboa ukuta mahali pawili, pitisha mabomba mawili ya PVC ya milimita 50, moja la kuingiza na moja la kutoa, na uweke feni ndogo ya kompyuta kwenye bomba la kutoa ili pampu isichemke. Hewa itatoka chumbani, itapita kwenye mkono, na kurudi chumbani, ikikaushwa na kiyoyozi kilekile. Asiye na kiyoyozi aiweke pampu kwenye kabati ndani ya chumba chenyewe.

Wengi hukimbilia silika jeli. Ipigie hesabu kabla ya kuinunua. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina takriban gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Mkono huu hupitisha lita 21 hivi kwa dakika, yaani mita 1.26 za ujazo kwa saa, ambazo ni gramu 30 za maji. Kilo moja ya silika jeli hunywa kiasi cha gramu 200, ndipo ikahitaji kukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Utakuwa unaoka jeli kila baada ya saa saba za muziki. Kwa mikono ya jamii ya ET-2, inayopitisha hewa kidogo kwa presha kubwa zaidi, jeli ina maana. Kwa huu haina.

Vifaa vya upande wa hewa:

– Pampu ya hewa ya bwawa la samaki, ya umeme wa volti 240, iliyoandikwa lita 40 hadi 45 kwa dakika. Ile ndogo ya tangi la sebuleni haitoshi. Usitumie kompresa ya friji: hutema mvuke wa oili, na oili kwenye reli hugandisha kigari kama maji, ila yenyewe haikauki.
– Mabomba mawili ya PVC ya milimita 110, kila moja urefu wa mita 1, yenye vifuniko vilivyogundishwa pande zote. Kila moja hubeba lita 8 na nusu hivi.
– Mpira wenye upana wa ndani wa milimita 8, wa kutosha kutoka pampu hadi mashine, na mita 1 ya mpira wa milimita 6.
– Filta mbili za petroli za gari, zile za plastiki zinazoonyesha ndani.
– Vali moja ndogo ya hewa.
– Mita 2.5 za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kwa kupimia presha.

Panga hivi: pampu, mpira mrefu, bomba la kwanza, mpira wa milimita 6, bomba la pili, filta mbili sambamba, kisha reli. Filta moja pekee hukaba hewa, ndiyo maana zinawekwa mbili. Vali iwekwe mara baada ya pampu kwenye tawi la pembeni, imwage hewa ya ziada nje. Ukiibana pampu kwa mbele inapata moto na mpira wake wa ndani unachanika mapema. Mabomba yasimamishwe wima, na kila moja liwe na skrubu ya kumwagia maji chini kabisa. Mabomba haya ni ya presha ndogo tu. Usiyaunge kamwe na kompresa ya gereji, maana PVC ikipasuka hurusha vipande kama kioo.

Kazi ya mabomba mawili na mpira wa milimita 6 kati yake ni kutuliza mapigo. Pampu ya umeme wa hapa hupiga mara 50 kwa sekunde, na mapigo hayo yakifika kwenye kigari yatasikika kwenye spika kama mngurumo.

Kipimo cha presha tengeneza mwenyewe. Kunja ule mpira mwembamba uwe kama herufi U juu ya ubao wa mita moja na robo, tia maji yenye rangi kidogo hadi nusu, na unganisha ncha moja karibu na reli. Tofauti ya kimo kati ya pande mbili ikiwa sentimita 61, presha ni milibar 60. Geji za dukani za presha ndogo kiasi hiki ni shida kupata, na maji hayadanganyi.

Sasa umeme. Ukikatika, mabomba yale hayana akiba ya maana: kwa milibar 60 yanakupa sekunde tano sita, basi. Sinia nzito, ile inayozungusha santuri, huendelea kuzunguka muda mrefu kuliko huo. Kigari kitakaa chini, mfuo utaendelea kuivuta sindano ndani, na kijiti chake kitapinda. Kwa hiyo pampu iwe kwenye UPS, na mashine ya santuri iwe kwenye umeme wa kawaida bila UPS. Umeme ukienda, sinia itasimama yenyewe na kigari bado kinaelea. Unakwenda taratibu kuinua sindano. Kama volti za mtaa wako hupanda na kushuka, weka stabilaiza kabla ya UPS, kwani presha ya pampu hizi hufuata volti.

Reli

Tafuta bomba la mraba la alumini la milimita 25 kwa 25, unene wa ukuta milimita 1.5, urefu milimita 230. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na vipande vya kutosha. Usichukue cha kwanza unachopewa. Lilaze juu ya kioo kinene, tazama kwa kulenga mwanga, na ulikatae likiwa na upenyo hata wa unywele katikati. Kwenye hewa ya chumvi alumini tupu huota unga mweupe ndani ya miezi, na unga huo huziba matundu, hivyo panga mapema kuitia ngozi ya kinga kiwandani (anodaizi), ile inayofanywa kwa umeme kwenye tindikali, baada ya kutoboa na kusugua.

Reli itakaa kwa kona, mgongo juu, kama paa. Matundu yanakuwa kwenye nyuso mbili za juu pekee: safu moja kila upande, milimita 10 kutoka mgongoni, tundu moja kila milimita 10, matundu 20 kwa upande. Upana wa tundu ni milimita 0.4. Biti za kupekechea bodi za saketi zinafaa, ila ni ngumu na huvunjika kama chaki zikitikiswa. Nunua kumi. Keekee ifungwe kwenye stendi, iende kasi ya mizunguko elfu kumi kwa dakika au zaidi, na tone la mafuta ya taa liwekwe kwa kila tundu. Shuka, inua, toa uchafu, shuka tena. Anayelazimisha tundu kwa mkupuo mmoja huacha nusu ya biti ndani ya reli.

Ukimaliza, pitisha ndani ya kila tundu kipande cha waya mwembamba kabisa wa gita, wa milimita 0.25. Halafu bandika msasa juu ya kioo kinene na usugue nyuso zote mbili: namba 400, 800, kisha 1200 kwa maji. Mgongo wenyewe uufute uwe bapa la milimita 1, ili kona ya ndani ya kigari isiuguse. Kona hiyo ndiyo mahali pa kwanza pa kukwama, na fundi mgeni hutafuta tatizo kwenye matundu wiki nzima bila kuigundua.

Ziba ncha mbili kwa vipande vya alumini na gundi ya epoksi, moja ikiwa na nipeli ya shaba ya kuingizia hewa. Osha ndani kwa maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa tindikali, kisha puliza hadi yakauke.

Kigari

Kata pembe ya alumini ya milimita 20 kwa 20, unene 2, urefu 70. Ina uzito wa gramu 14 hivi. Iweke juu ya reli na msasa namba 1200 katikati, uso wa msasa ukitazama juu, na uisugue kwenda na kurudi hadi nyuso za ndani zing'ae sawasawa. Zing'ae kote: ukiona doa lisilong'aa katikati, hapo hewa itakusanyika na kigari kitaimba.

Chini ya kigari ning'iniza fremu nyepesi inayobeba egemeo la kupanda na kushuka. Egemeo liwe ncha mbili za chuma kigumu ndani ya vishimo, na kimo chake kilingane na uso wa santuri, si juu yake. Likiwa juu, kila wimbi la santuri iliyopinda litaisukuma sindano mbele na nyuma, na sauti itayumba. Kijiti cha mkono kiwe mrija wa kaboni wa milimita 6. Ncha ya fimbo ya kuvulia iliyovunjika inatosha. Kutoka egemeo hadi ncha ya sindano iwe milimita 75. Uzito wote uning'inie katikati ya urefu wa kigari na chini ya mgongo wa reli, la sivyo kigari kitainamia upande mmoja na kukwaruza.

Kwa jumla, pamoja na katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya gramu 6 na uzani wa nyuma wa gramu 25, lenga gramu 60.

Uzani wa nyuma uwe risasi. Chubwi za wavuvi ni bora kuliko nati za chuma, kwa sababu chuma huvutwa na sumaku ya katriji na mota. Ipige chubwi iwe bapa, kata, na ukimaliza unawe mikono kwa sabuni.

Washa hewa, weka kigari juu ya reli tupu, na ukiguse kwa pumzi ya mdomo tu. Kinatakiwa kiondoke bila kusita, kiende hadi mwisho, kigonge kizuizi cha sponji na kurudi nyuma kidogo. Kikisimama ghafla mahali fulani, paka wino wa kalamu nene kwenye nyuso za ndani za kigari, ukitembeze dakika ishirini, ukigeuze. Palipofutika wino ndipo panapogusa.

Kusimika kwenye mashine

Anza na sakafu. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina sakafu za juu zilizobebwa na boriti za mikoko, na hatua ya mtoto mmoja huzitikisa. Huko usiweke mashine juu ya meza. Funga rafu kwenye ukuta wa mawe. Nyumba ya zege haina shida hiyo.

Sawazisha sinia kwa pimamaji, mara mbili, kwa kugeuza pimamaji robo duara. Kisha simamisha nguzo ya reli nje ya sinia, juu ya bamba lenye skrubu tatu za M4 (unene wa milimita 4) zilizoachana milimita 100. Reli inashikwa mwisho mmoja tu, ili fremu ya kigari ipite bila kizuizi.

Usawa wa reli ndio moyo wa kazi yote, na hapa tunaomba uvumilivu wako wote. Kigari cha gramu 60 kwenye mteremko wa milimita 1 kwa mita husukumwa upande kwa nguvu ya gramu 0.06. Inaonekana ndogo. Lakini reli ikiinama milimita 1 tu kati ya ncha zake mbili, nguvu hiyo inafika gramu 0.26, na sindano yako inakandamiza kwa gramu 2. Ukuta mmoja wa mfuo utakuwa unabeba mzigo wa mwenzake kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Pimamaji ya fundi mwashi haioni tofauti hizo. Chombo cha kupimia ni kigari chenyewe. Kiweke katikati, ondoa mkono, funga feni na madirisha, na uhesabu hadi thelathini. Kikitambaa, zungusha skrubu ya upande kinakoelekea, robo mzunguko tu. Robo ya M4 hubadilisha msukumo kwa gramu 0.1 hivi. Rudia karibu na kila ncha. Kikitulia katikati lakini kikakimbia kwenye ncha zote mbili, reli imepinda, na hakuna skrubu itakayoiponya.

Baada ya usawa, njia. Chora kwenye karatasi ngumu mstari ulionyooka unaopita katikati kabisa ya tundu la pini ya sinia, ukiwa na alama kwenye milimita 146 na milimita 60. Ivishe kwenye pini, igeuze hadi mstari uwe sambamba na reli, na utembeze sindano bila kuigusa karatasi. Ncha ifuate mstari mwanzo hadi mwisho. Njia ikikosa kitovu kwa milimita 1, kosa la pembe ni nyuzi 0.4 ukingoni na karibu nyuzi 1 karibu na lebo. Ndiyo maana nyimbo za mwisho hukwaruza wakati za mwanzo ziko safi. Sogeza nguzo, usigeuze katriji: katriji iliyogeuzwa itanyooka mahali pamoja tu.

Kimo cha reli, mnyooko wa katriji kwa kutazama kivuli chake kwenye kioo, na uzito wa sindano hupimwa kama kwenye mkono mwingine wowote. Ila mkono wa milimita 75 ni mfupi, kwa hiyo sahani ya mizani iwe kimo kilekile cha uso wa santuri. Mizani ndogo ya sonara, inayosoma gramu 0.01, inatosha kabisa.

Nyaya

Nyaya nne nyembamba za katriji ndizo pekee zinazokigusa kigari kutoka nje, na zinaweza kuharibu kila ulichosawazisha. Tumia zile laini kabisa za nyuzi nyingi zilizofunikwa hariri. Zipitishe juu, zifanye tao la urefu wa milimita 180 hivi, na uzifunge kwenye kishikizo kilicho katikati ya safari ya kigari. Rangi: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Usizisokote zikakaza.

Rudia jaribio la kigari na nyaya zikiwa zimeungwa. Kama sasa kinatambaa na awali kilitulia, ni nyaya. Wapo wanaoinamisha reli ili kuzishinda. Usifanye hivyo, kwa sababu msukumo wa waya hubadilika kila kigari kinaposogea, na wa mteremko haubadiliki. Sogeza kishikizo, ongeza urefu wa tao, jaribu tena.

Rekebisho lenye faida kubwa: chubwi juu ya bati laini

Udhaifu wa mkono huu ni uzito wa upande. Kwenda juu na chini sindano hubeba kama gramu 12 tu, lakini kwenda upande inakokota gramu zote 60. Mtetemo wa asili hupatikana kwa kugawa 159 kwa kipeuo cha pili cha uzito ukizidishwa na ulaini (compliance) wa katriji. Kwa katriji yenye ulaini wa 15, juu-chini ni hezi 12, pazuri. Upande ni hezi 5.3, ambapo besi huanza kuvimba na kijiti cha sindano huonekana kikiyumba.

Dawa inayotumika kwenye ET-2 ni kuuning'iniza uzani wa nyuma kwenye bati la springi linalonyumbuka upande lakini si juu-chini. Unaweza kulifanya kwa fila geji ya mafundi wa magari, ile seti ya vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Chukua bati lake jembamba kuliko yote, la milimita 0.05, lenye upana wa milimita 12.7. Likate kwa mkasi mkali, lisimamishe wima, na uache urefu huru wa milimita 17 kati ya kijiti cha mkono na chubwi ya gramu 25. Hapo chubwi itacheza upande kwa hezi 4 hivi. Juu ya kiwango hicho sindano haiioni tena, inabeba gramu 35, na mtetemo wa upande unapanda hadi karibu hezi 7. Bati la milimita 0.10 linahitaji urefu wa milimita 34 kwa matokeo yaleyale, na nafasi hiyo haipo. Bandika kipande kidogo cha sponji kati ya bati na kijiti ili chubwi isiendelee kutikisika. Ukikunja bati hata kidogo wakati wa kulifunga, litupe, kata jingine.

Kinachoharibika, na mahali pa kutazama

Mngurumo kwenye spika: inua sindano. Ukibaki, ni umeme, tazama waya wa ardhi. Ukipotea, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, hewa ikiwa imewashwa. Ukirudi, ni mapigo ya pampu au sakafu. Zima pampu sekunde moja utajua ni kipi.

Mluzi au mlio wa kuimba kwenye kigari: presha imezidi. Shusha kutoka sentimita 61 za maji hadi 45 kwa hatua ndogo, na ukomeshe mlio kabla kigari hakijaanza kugusa.

Sindano hurukia mahali palepale kwenye kila santuri: tundu limeziba au reli imeota chumvi hapo. Safisha kwa maji ya betri yasiyo na tindikali, kisha isopropili ya asilimia 99 inayouzwa kwa mafundi wa simu. Spiriti ya duka la dawa usiitumie. Mara nyingi hutiwa mafuta ya mbarika na huacha utando. Masika mwaga maji ya mabomba kila wiki. Kaskazi, mara moja kwa mwezi yatosha.

Kigari kinakwama dakika ya kwanza kisha kinakwenda vizuri: kuna umande. Washa pampu dakika kumi kabla ya kuweka santuri.

Santuri za zamani

Wengi wanaotaka mkono huu hapa wana taarabu za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), zile za lebo ya Mzuri zilizotolewa na kampuni ya Assanand papa hapa Mombasa, au sahani za 78 za wazee. Tundu lililochakaa ni adui wa kigari kizito. Santuri ikikosa kitovu kwa nusu milimita, kigari hulazimika kwenda na kurudi kila mzunguko: kwenye 45 msukumo wa upande ni gramu 0.07, kwenye 78 ni gramu 0.20. Tazama kigari kutoka ubavuni mara sindano inapotua. Kikicheza kama mashua kwenye nanga, inua, sukuma santuri kidogo kwa kidole, jaribu tena hadi kitulie.

Kwa 78 badilisha sindano iwe ya upana wa mikroni 65 hadi 75. Ile ya LP hugusa sakafu ya mfuo na kuleta mkwaruzo mtupu. Na sahani zile zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye spiriti, hivyo zioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, lebo ikiwa kavu, uzikaushe zikiwa zimesimama kivulini.